Mlango wa Uani

Duka la Bi Nyamizi halikuwapo tena mezani, na katika mji ule kisichokuwapo mezani husahauliwa.

Mambo yalikuwa hivyo, na hakuna aliyejua nani aliyaanzisha. Katikati ya mji palikuwa na ukumbi, na ndani ya ukumbi palikuwa na meza pana kama uwanja wa gwaride, na juu ya meza ulisimama mji ule ule, mdogo: nyumba za ukubwa wa kiberiti, miti ya sponji, watu wasiozidi kimo cha harage, na reli iliyovizunguka vyote ikarudi ilikotoka. Treni ndogo ilikaa kwenye stesheni ndogo ikingoja siku yake. Juu ilining'inia taa ambayo haikuzimwa kamwe, nayo ndiyo iliyokuwa jua. Wenye mji walikuwa wamechoka kukumbuka. Kukumbuka ni kazi, ina jasho, wala haina mshahara. Basi wakaikabidhi meza kazi hiyo, wao wakabaki na kuishi. Meza ikakumbuka kila nyumba na kila mtu, vizuri, bila kulalamika, mpaka panya walipopanda wakala duka la Bi Nyamizi. Lilikuwa la boksi, limegandishwa kwa uji wa muhogo, na panya si wajinga.

Kesho yake duka lenyewe, lile kubwa la matofali, lilikuwa pale pale mkabala na stesheni. Bi Nyamizi alifungua dirisha la kuuzia, akapanga sabuni, akakaa. Watu wakapita. Hawakumchukia wala hawakumsusa. Macho yao yaliteleza juu ya duka kama maji juu ya jani la myugwa, yakaenda kutua kwenye nyumba ya pili. Hata Pazi kinyozi, ambaye kiti chake kilitazamana na duka hilo tangu enzi alipokuwa na nywele zake mwenyewe, alisimamisha mkasi hewani akauliza, "Hivi yule mama aliyekaa peke yake pale, pasipo na kitu, ni nani?"

Aliyeulizwa, akiwa na shuka la kunyolea shingoni, alikuwa Nkwabi, mpaka rangi wa mabehewa. Alicheka, akidhani ni utani. Akafungua mdomo ajibu, na jina halikuja. Lilikuja baadaye, likichechemea. Hapo ndipo alipoacha kucheka. Alijua kwamba siku moja litachelewa zaidi, na siku nyingine halitakuja, na yeye hatajua kwamba alikuwa akilisubiri.

Nkwabi aliacha shule mapema, kwa sababu shule ilikuwa mbali na njaa ilikuwa karibu. Aliteremka kwenye mji ule kutoka kwenye treni, ndevu zake za kwanza kidevuni, hana ndugu, ana sanduku moja la bati la rangi ya kijani. Akasimama mbele ya duka la Bi Nyamizi bila kuomba kitu, kwa kuwa hakuwa na mdomo wa kuombea. Mama yule alimtazama kupitia nondo za dirisha. Hakumuuliza ametoka wapi. Alisema, "Zunguka, upite uani."

Asiye wa huko ataona ni maneno ya kawaida. Si ya kawaida. Mgeni hupokewa mbele, hukalishwa barazani, huletewa maji, huulizwa habari za njiani, kisha huaga. Mlango wa uani ni wa wenye nyumba. Aliyeambiwa apite uani ameambiwa ana kwao, na neno hilo haliambiwi mtu mara mbili. Huko nyuma Nkwabi alikuta sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, ugali wa muhogo na mlenda. Alikula ameuelekea ukuta. Barabarani hakuna aliyemwona, na kwa hiyo mpaka leo hakuna anayeweza kusema Nkwabi aliingia mjini akiwa ombaomba. Sahani iliendelea kuwekwa pale mpaka alipopata kazi ya kupaka mabehewa, na hata baada ya hapo.

Hakuwahi kusema asante. Mtu hamshukuru mama yake kwa ugali. Shukrani ni za wageni. Kwa hiyo neno lile lilibaki kifuani, likaota, likatambaa, kama boga lililoachwa ndani ya ua.

Alikwenda ukumbini.

Mwenye ufunguo wa ukumbi alikuwa Bwana Tindwa, Mkuu wa Meza, mtu msafi sana, mwenye rula ndefu kwapani. Alimsikiliza Nkwabi hadi mwisho. Akamwambia kiwanja kile tayari amekipangia tangi la maji, maana treni inahitaji maji na hakuna aliyelalamikia duka lolote. Nkwabi akamwambia watalalamikaje na hawakumbuki. Bwana Tindwa akakubali kwamba hoja ina uzito. Akafungua kabati akatoa boksi lenye picha ya duka zuri la nchi ya mbali: kioo kikubwa mbele, mlango wa heshima katikati, kibaraza chenye milia. Duka likiwa limegandishwa mezani kabla treni haijaanza kuzunguka, alisema, litakumbukwa. Likichelewa, tangi.

Kisha akamkumbusha kanuni. Kinachopungua ndani ya boksi, fundi hukitoa kwake. Meza haipokei kitu cha kununua. Na chembe ikitoka, kizima chake huifuata.

"Halafu fundi," alimalizia, "tengeneza mbele tu. Mbele ndiyo nyumba."

Vipande vilikuwa vimeshikamana kwenye fremu ya plastiki kama samaki kwenye ufito. Nkwabi alivikata kimoja kimoja kwa wembe, akavisugua makovu kwa msasa, akavipaka rangi ya kwanza ya kijivu, ile ambayo haina uzuri wowote ila bila yake uzuri wote hubanduka. Aliifanya kazi hiyo kwenye benchi la ukumbini, chini ya jua lisilozama. Mikono yake ilizoea mabehewa, brashi pana kama kiganja. Sasa alishika brashi ya unywele mmoja, na alipovuta pumzi vibaya ukuta mzima ulihama. Akajifunza kupaka rangi katikati ya pumzi na pumzi. Kuna mahali pale, padogo, ambapo mtu hayuko ndani wala hayuko nje ya hewa. Alikaa hapo muda mrefu. Huenda alikaa miaka. Mara nyingine alitazama mkono wake akaona hauna mvi, mara nyingine mvi zikarudi.

Rangi ya kijani haikuwamo. Alikwangua sanduku lake la bati, unga mdogo tu kwenye ncha ya kisu, akauchanganya na mafuta ya taa. Ulitoka kijani kile kile cha ndizi mbichi, rangi ya nusu ya chini ya duka la Bi Nyamizi. Alipogeuka, sanduku lote lilikuwa bati tupu.

Kioo nacho hakikuwamo. Alimega ukingo wa miwani yake, na kioo kizima cha jicho la kushoto kikayeyuka kutoka kwenye fremu. Haya. Jicho moja linatosha kupaka.

Je, na mimi nilikatwa kwenye fremu? Alijiuliza, akisugua. Kovu langu liko wapi, pale niliposhikana na wenzangu. Nani alinisugua. Je, alikuwa na haraka?

Akapaka. Akaweka chokaa nusu ya juu. Chini kabisa, palipo na msingi, akagusagusa udongo mwekundu kwa kijiti, kwa sababu mvua za mji ule hurusha tope ukutani hadi usawa wa goti, na nyumba isiyo na tope hilo bado haijakaa duniani. Kazi ilipokamilika alimwita Pazi aione, naye Pazi alikuja na shuka lake begani, akainama, akanusa.

"Zuri mno," alisema. "Hili ni la kuoa siyo la kununulia chumvi. La nani?"

Nkwabi aliweka brashi chini. Alikwenda kumleta mwenyewe.

Bi Nyamizi alitembea polepole, na barabarani watu walimpita kama wanavyokipita kivuli. Hilo halikumsumbua, alisema ni nafuu, siku hizi hakuna wa kumkopa. Ukumbini Nkwabi alimpa kiti. Mama alilitazama duka lile dogo kwa muda, mikono magotini. Alisifu kijani. Alisifu tope. Kisha akauliza, kwa upole, kama mtu anayeulizia chumvi mezani kwa watu:

"Mwanangu, wateja wangu watasimama wapi?"

Nkwabi akamwonyesha mlango wa heshima, uliokuwa katikati ya mbele. Wataingia hapa, alisema.

"Wataingia?" Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Waingie ndani, wanitazame kitanda? Nani katika mji huu aliwahi kuingia dukani? Watu husimama dirishani, mwanangu. Wanaweka viwiko, wananiambia habari za waume zao, mwisho ndiyo wanakumbuka walichokuja kununua." Kisha akamgeukia. "Na wewe je? Katika nyumba hii wewe ulipita wapi?"

Nkwabi alilitazama duka kwa jicho lake moja. Alikuwa ametengeneza picha ya kwenye boksi. Alikuwa amelipaka rangi za Bi Nyamizi jumba ambalo hakuna mtu wa mji ule angejua asimame wapi mbele yake. Na alikuwa amelitengeneza bila nyuma. Nyuma ya ukuta ule mzuri palikuwa pakavu, plastiki ya kijivu, alama za kiwandani. Hapakuwa na uani, wala sahani, wala yeye.

Mtu anaweza kuusahau mlango aliopitia, akakumbuka rangi ya ukuta.

Hakulala juu ya kosa lake. Aliung'oa mlango wa heshima, akaling'oa lile dirisha la kioo, akalitupa, na jicho lake likalilia kidogo kwa kuwa lilikuwa mali yake. Akatoboa dirisha la kuuzia, dogo, akalitia nondo za uzi wa shaba. Chini yake akaweka ubao wa kuegemea, na ubao ule akausugua kwa ukucha wa kidole gumba, juu chini, juu chini, mpaka ukabonyea mahali pawili. Viwiko vya mji mzima vilihitaji kupita pale kwa kidole chake kimoja.

Kisha akaanza nyuma, na boksi halikuwa na kitu cha nyuma. Kuta alizijenga kwa vipande vya fremu. Ua akausuka kwa vijiti vya meno. Mlango aliutoa kwake, kibanzi kutoka kwenye mlango wa nyumba yake. Alipofika nyumbani kula, upepo ulikuwa umemtangulia sebuleni.

Alipaka ndani pia, ingawa alijua humo hamfiki mwanga. Na alipokuwa akipaka ndani, akichungulia kwa mlango wa uani, aliona mtu. Mdogo, kimo cha harage, ameinama kwenye benchi, anapaka rangi kitu ambacho kwa macho ya kawaida kingekuwa vumbi. Nkwabi alijua ni duka. Alijua pia kwamba yule mtu wakati huo huo alikuwa ameona mwingine, ndani zaidi. Alishikwa na baridi shingoni, akatamani kugeuka atazame juu, penye taa. Hakugeuka. Aliogopa kuona kidole gumba.

Basi niko mezani. Sawa. Nani hayuko mezani? Bwana Tindwa na rula yake wako mezani. Wanaoshika ufunguo wa ukumbi wameshikiwa ufunguo wa ukumbi mwingine. Hilo halinitishi. Ninalouliza ni jambo dogo. Aliyenipaka, alinipaka mbele tu? Aliambiwa na mkubwa wake kwamba mbele ndiyo mtu, akaniacha mgongo wa kijivu, na alama za kiwandani? Maana mimi mgongo wangu sijawahi kuuona.

Bwana Tindwa aliingia na rula. Alipima, akapima tena, akakohoa.

Uani huu, alisema, umetoka nje ya kiwanja. Umeingia kiwanja cha nyuma. Na akamwambia Nkwabi, bila ubaya wowote, kwamba kiwanja cha nyuma kinajulikana ni cha nani: ile nyumba ndogo ya bati, hapo mezani, ni ya Nkwabi mwenyewe. Viwili havikai pamoja. Akamshauri aukate uani, kwani wageni watasimama upande huu, na treni itapita upande huu.

"Hakuna treni inayopita uani, fundi. Unampakia nani?"

"Mimi nilipita," alisema Nkwabi.

Bwana Tindwa alimtazama. Huenda katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumjibu kwa maneno mawili. Alieleza taratibu, kama anavyoeleza mtu mwema mwenye madaraka, kwamba nyumba ikitoka mezani haina kurudi. Kwamba mji utamsahau. Kwamba Pazi atamsahau, wapaka mabehewa watamsahau, na huyu mama, ambaye kwa ajili yake anafanya haya yote, atamsahau kabla ya wote, kwa kuwa atakuwa na wateja wengi. Hakusema uongo hata mmoja. Mezani uongo haukuhitajika.

Nkwabi alifikiri. Hakufikiri sana, kwa sababu hakuwa mtu wa kufikiri sana. Alifikiri kwamba kukumbukwa ni kitu kizuri, na yeye amekula kitu hicho kwa miaka mingi, kikitoka katika sahani ya mtu mwingine. Kama Bi Nyamizi angemwacha mbele ya duka siku ile, mji ungemkumbuka vizuri sana: yule mwombaji wa kwenye stesheni. Yeye alimpitisha nyuma, akampa zawadi ya kutoonekana. Sasa zamu imefika ya kuipokea tena. Na kilichomshangaza ni kwamba haikumuuma kama alivyotarajia. Kifua kilikuwa chepesi. Boga lilikuwa limevunwa.

Alinyoosha mkono, akaing'oa nyumba yake ya bati kwa vidole viwili. Gundi ililia kidogo. Aliweka duka, akabonyeza, akahesabu pumzi mpaka liliposhika. Kwenye kizingiti cha uani, kwa ncha ya unywele mmoja, akaweka doa jeupe. Sahani. Juu yake doa jingine.

Treni ikaanza kuzunguka.

Nje, mjini, Pazi alisimamisha mkasi, akaangalia ng'ambo ya barabara, akasema kwa nguvu kwamba amekuwa akinyolea sabuni ya watu tangu lini na duka la Bi Nyamizi liko hapo. Akavuka. Akaweka viwiko. Nyuma yake walikuja wengine, wanawake na vikapu, mafundi na mikono ya grisi, na wote walimlaumu mama kwamba amewasusa, kwamba siku hizi anawaona wao si watu, naye aliwaambia wapange mstari, hajazaliwa na mikono minne. Nkwabi alisimama kando akiwasikiliza. Pazi alipopita na sabuni yake alimwamkia kwa adabu, kama anavyoamkiwa msafiri.

"Karibu mji wetu, ndugu yangu. Umeteremka na treni hii?"

Nkwabi akasema ndiyo. Haukuwa uongo, aliteremka nayo.

Alipokuwa amesimama pale, mtu mzima, hana mlango, hana mtu, mstari ukapungua. Bi Nyamizi akamwona kupitia nondo. Alimtazama kama anavyotazamwa asiyejulikana, tangu viatu hadi kichwa. Nkwabi akamwamkia shikamoo. Mama akaitikia marahaba. Hakumuuliza ametoka wapi.

"Zunguka," alisema. "Pita uani."

Alizunguka. Sahani ilikuwa kizingitini, imefunikwa. Alikaa, akauelekea ukuta, akala. Baadaye mama alitoka na maji ya kunawa, akamwinamia, na mkono wake ukasita juu ya bega lake.

"We mwanangu," alisema, "mgongoni una rangi mbichi. Nani amekupaka huku nyuma?"

Nkwabi alitafuna polepole. Harufu aliijua: rangi ya mwisho, ile inayopakwa baada ya kijivu, na mtu ambaye hana haraka.

"Asante, mama," alisema. Ni wageni wanaosema hivyo, na sasa aliruhusiwa.

Kisha akahesabu alichotoa. Rangi ya sanduku moja. Kioo kimoja cha miwani, kilichokwenda bure kwa kosa lake. Mlango mmoja. Nyumba moja ya bati. Jina moja, katika vinywa vyote.